Jinsi ya kujaza chemshabongo ya maneno (kulia na chini) kama ndo unaanza

Maswali ni yale yale kila siku. Naanzia wapi? Jibu ninalo lakini herufi zimezidi vyumba, nifanyeje? Nimebakiza kona moja na haisogei, niangalie majibu au niache? Kutumia kamusi ni kuiba? Basi nimeamua kuyajibu yote hapa kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili mtu akiuliza tena apewe hii na aende akajaze.

Kitu kimoja nakisema mapema maana ndo msingi wa yote yanayofuata. Watu wengi wanaacha chemshabongo kwa kudhani wanaoweza ni wale wanaojua maneno mengi magumu, na hiyo sio kweli. Maneno mengi ndani ya fumbo unayajua tayari, umeyatumia leo asubuhi. Kinachokuangusha ni kwamba unasoma kidokezo harakaharaka, unaokota wazo la kwanza, unalijaza, halafu unaling'ang'ania. Anayemaliza fumbo ni yule anayesoma kidokezo mpaka kiambishi cha mwisho na asiyeona uchungu kufuta.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Penseli na kifutio, kama fumbo ni la karatasi. Kalamu ya wino weka mbali kabisa.
- Karatasi ya pembeni ya kuandikia majibu unayoyashuku. Hata ukijazia kwenye simu, hiyo karatasi iwepo.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, ya kitabu au ya kwenye simu. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili haitakusaidia sana maana unachotafuta ni visawe.
- Fumbo la saizi yako. Usianze na lile la ukurasa mzima, tafuta dogo lenye vidokezo kumi au kumi na tano, umalize, ndo upande.
- Muda ambao hakuna mtu anakusumbua, hata nusu saa tu.

Hatua ya 1: Uelewe mraba kwanza

Vyumba vyeupe vinajazwa, vyeusi vinaachwa. Chumba ambacho neno linaanzia kina namba, na chumba kimoja kinaweza kuanzisha maneno mawili kwa pamoja, moja linakwenda kulia na lingine linakwenda chini, ndo maana utakuta kuna 1 ya kulia na 1 ya chini na vidokezo vyake ni tofauti kabisa. Herufi moja chumba kimoja. Namba kwenye mabano mwisho wa kidokezo ni idadi ya herufi, na kama haipo hesabu vyumba mwenyewe.

Sasa hapa kuna jambo la Kiswahili ambalo linawachanganya wengi: CH, SH, DH, TH, GH, NY na NG'. Watungaji wengi wanaziweka kwenye vyumba viwili, yaani CHUI inakula vyumba vinne, na ile alama ya ng' inaachwa kabisa kwa hiyo NG'OMBE inakuwa vyumba sita. Ila wapo wachache wanaoiweka CH kwenye chumba kimoja. Huwezi kujua mpaka upime, kwa hiyo tafuta jibu moja lenye CH au SH ambalo una uhakika nalo, hesabu, utajua mtungaji wako ni wa aina gani na utaenda hivyo mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Pita vidokezo vyote, jaza vya bure

Usikomae na namba 1. Soma vyote kuanzia juu mpaka chini, bila kusimama kwenye kigumu, ukijaza vile tu ambavyo jibu linakuja lenyewe. Vya bure karibu siku zote ni hivi:

Methali zenye pengo. "Haraka haraka haina ____ (6)", hiyo ni BARAKA, huna haja ya kufikiri. Ila hesabu herufi hata hapo, maana "Akili ni ____" ikiwa na vyumba vinne ni MALI na ikiwa na vyumba sita ni NYWELE.

Vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango (3)" ni YAI. "Popoo mbili zavuka mto (5)" ni MACHO.

Watoto wa wanyama na majina ya makundi. Hivi vidokezo vinapendwa mno na watungaji na ukishavijua umevijua milele. Mtoto wa ng'ombe NDAMA, wa kuku KIFARANGA, wa simba SHIBLI, wa mbwa KILEBU, wa chura KILUWILUWI. THUREA ya nyota, TITA la kuni, BUMBA la nyuki, ROBOTA la pamba. Jiandikie orodha yako na uiongeze kila ukikutana na kipya.

Umoja na wingi. Vinaonekana vyepesi ila angalia vizuri. Wingi wa ulimi ni NDIMI, wingi wa ukuta ni KUTA, umoja wa meno ni JINO. Halafu kuna "Wingi wa ua (4)". Kama ni lile linalonukia ni MAUA, kama ni uwanja uliozungushiwa uzio ni NYUA, yote yana herufi nne na yote yanaishia na UA! Yaani hapo herufi mbili za mwisho hazikusaidii chochote, usijaze mpaka umepata moja kati ya zile mbili za mwanzo kutoka neno lingine.

Hatua ya 3: Soma kidokezo mpaka kiambishi

Hii ndo hatua ninayoomba uisome mara mbili, maana Kiswahili kinakupa zawadi hapa na watu wanaipita.

Tazama hivi viwili:

Unang'aa usiku (5)
Zinang'aa usiku (5)

Maneno ni yale yale, idadi ya herufi ile ile. Lakini cha kwanza kimeanza na U, kwa hiyo jibu ni la ngeli inayochukua u-, nalo ni MWEZI. Cha pili kimeanza na ZI, jibu ni NYOTA. Msomaji wa haraka anaona "kung'aa usiku" anaandika nyota pote pote, halafu anashangaa mbona kona nzima imekataa. Ngeli imeshakwambia jibu kabla hata hujafikiria maana. Ukiona "Kinatumika kukatia nyama (4)" unajua ni KISU na huwezi kusema panga, maana panga linatumika. Ukiona "Linawaka mchana (3)" ni JUA. Ukiona "wana-" ujue ni wengi na wana uhai.

Vitenzi nao hivyo hivyo, jibu linavaa nguo ile ile iliyovaliwa na kidokezo:

Chukua bila ruhusa (3) — IBA
Kuchukua bila ruhusa (5) — KUIBA
Amechukua bila ruhusa (6) — AMEIBA
Achukuaye bila ruhusa (5) — MWIZI

KUIBA na MWIZI zote ni tano, kinachozitofautisha ni kile kidokezo kimeanza vipi. Kikianza na ku-, jibu lianze na ku-. Kikiwa na wakati uliopita, jibu liwe na wakati uliopita. Kikitaja kauli, mfano "kutendwa ya la (4)", unanyambua tu, LIWA. Sifa pia: kinyume cha "fupi" ni REFU lakini kinyume cha "mfupi" ni MREFU, chumba kimoja zaidi.

Onyo moja. Kwenye vitendawili hii sheria ya ngeli haishiki, maana kitendawili kinaficha kwa makusudi. "Kila niendapo ananifuata (6)" utafikiri ni mtu, kumbe ni KIVULI. Kwa hiyo ukihisi kidokezo ni kitendawili, achana na viambishi, ufuate maana.

Hatua ya 4: Andika majibu yote yanayowezekana, sio moja

Kidokezo kikikupa neno moja tu, mfano "Dhiki (5)", usiishie kwenye la kwanza. TAABU ni tano. SHIDA ni tano. Yaandike yote mawili pembeni kwenye karatasi yako na usijaze lolote, unasubiri herufi. Watu wanaona hii ni kupoteza muda ila kwa kweli ndo inayookoa muda, maana neno la uongo likishaingia ndani linaharibu majirani zake wanne au watano na mpaka ulitoe umeshafuta nusu ya fumbo.

Hatua ya 5: Acha makutano yaamue

Hapa tufanye mfano mzima mimi na wewe. Chukua penseli, chora mraba wa tano kwa tano, vyumba vinne viwe vyeusi kama hivi:

1 _ 2 _ 3
_ ■ _ ■ _
4 _ _ _ _
_ ■ _ ■ _
5 _ _ _ _

Kulia
1. Mfalme wa mwituni (5)
4. Swala ni mojawapo (5)
5. ____ ni mali (5)

Chini
1. Dhiki (5)
2. Mtu asiyejua kushiba (5)
3. Nyuki huitengeneza (5)

Jaribu mwenyewe kwanza, halafu urudi hapa.

Haya. Cha bure ni 1 kulia, SIMBA. Kingine ni 3 chini, ASALI, na kile kiambishi -i- ndani ya "huitengeneza" kinakubali maana asali inatengenezwa. SIMBA inaishia na A na ASALI inaanza na A kwenye chumba hicho hicho, kwa hiyo yameshikana. Tuna sehemu ya kusimamia.

Sasa S ya SIMBA ndo mwanzo wa 1 chini. Dhiki: TAABU imekufa hapo hapo, ni SHIDA. Umeona? Hatukuhitaji kufikiri, herufi moja imefanya kazi.

SHIDA inaishia na A, na hiyo A ndo mwanzo wa 5 kulia, "____ ni mali". Wengi hapa wanajaza ELIMU mapema sana kwa sababu inasikika vizuri na ina herufi tano. Lakini lazima ianze na A. Ni AKILI, na I yake ya mwisho inakutana na I ya ASALI. Safi.

Tuje 4 kulia. "Swala ni mojawapo". Mtu ametoka kuandika simba, mawazo yake yako porini, kwa hiyo anamuona yule mnyama mwenye pembe anayekimbia. Anajaribu MNYAMA, herufi sita. Anakwama. Lakini angalia herufi ulizonazo: kutoka SHIDA una I mwanzoni, kutoka ASALI una A mwishoni. I _ _ _ A. Swala ya msikitini je? Ni IBADA. Mtungaji alikuwekea mtego na herufi zimekutoa.

Imebaki 2 chini, asiyejua kushiba. Karatasini ulikuwa na MROHO na MLAFI, yote tano, yote yanaanza na M. Chumba cha katikati kina A ya IBADA. Kwa hiyo MLAFI, basi, tumemaliza.

Sasa rudi nyuma kidogo uone hatari ilikuwa wapi. Tuseme ungeanza kwa kujaza MLAFI na ELIMU. Yanakutana pale chini kwenye I, na yanakubaliana! I ya mwisho ya MLAFI na I ya tatu ya ELIMU ni chumba kimoja. Ungejiambia "yamethibitishana" na ungeendelea kujenga juu ya kosa. Ndo maana nasema makutano moja sio ushahidi. Neno lihesabu limekubalika likishakatwa na majirani wawili, na lile refu ngoja watatu.

Hatua ya 6: Shuku kila neno lenye maana mbili

Swala ni moja tu, yapo mengi na mtungaji anayajua yote. Kaa ni mnyama wa baharini, ni kipande cha makaa, ni kitendo cha kuketi. Paa ni la nyumba, ni mnyama, ni kwenda juu angani, ni kukwangua magamba ya samaki. Taa inawaka na pia ni samaki. Tembo ni ndovu na ni pombe ya mnazi. Mto unatiririka na mwingine unalalia. Kanga ni ndege na ni nguo. Mbuzi analiwa na mwingine anakuna nazi. Kata unakata, kata ya kuchotea maji, kata ya kichwani ya kubebea mzigo, kata ya utawala. Chungu cha kupikia, chungu kinyume cha tamu.

Ukikutana na kidokezo chenye neno kama hilo na maana ya kwanza haikupi jibu ndani ya dakika mbili, lazimisha maana ya pili. Jiulize tu, hili neno lina kazi gani nyingine? Na kinyume chake pia, ukiona kidokezo kimeandikwa "Ndege au vazi (5)" huyo mtungaji amekuonea huruma, ni KANGA, jaza uendelee.

Hatua ya 7: Tumia umbo la maneno yetu

Hata kama jibu hulijui kabisa, kuna mambo unaweza kuyajua kuhusu vyumba vyake.

Neno la Kiswahili karibu siku zote linaishia na irabu. Kwa hiyo chumba cha mwisho ni A, E, I, O au U, na hiyo inamaanisha kama neno lingine linaanzia kwenye chumba hicho, litaanza na irabu, kama ASALI ilivyoanza kwenye A ya SIMBA. Wanaovunja hii ni wachache tu kama RAIS, MAALUM, TAKRIBAN na baadhi ya majina ya nchi kama SUDAN.

Ukiona C, chumba kinachofuata ni H, bila mjadala, maana C haikai peke yake. Ndo maana mji mkuu wa Misri ni KAIRO na sio Cairo, ingawa vyote ni tano na mtu anaweza kuharibu kona nzima kwa herufi moja ya mwanzo. Q na X hazimo katika maneno yetu, zikijitokeza ujue kuna kitu umekosea.

Konsonanti mbili zikifuatana, mara nyingi ya kwanza ni M au N. Kabla ya B au V tegemea M (SIMBA, MVUA), kabla ya D, G, J na Z tegemea N (NDIMI, NJIA, NZIGE), na M pia inaweza kuwa pale ikiwa ndo mwanzo wa neno kama MDOMO. H ikiwa imetanguliwa na konsonanti basi mara nyingi hiyo konsonanti ni kati ya C, S, D, T, G na K, au M ya mwanzo wa neno kama MHINDI. W na Y zinapenda kuja baada ya konsonanti. Kwa kujua haya tu, neno lenye vyumba sita na herufi mbili zinazojulikana linabaki na njia chache sana.

Na majina ya nchi yajue kwa Kiswahili chake. Nchi yenye mji mkuu Lisbon ni URENO, ya Athens ni UGIRIKI, ya Amsterdam ni UHOLANZI. Hizi zinarudi rudi sana, na U yake ya mwanzo inasaidia majirani.

Hatua ya 8: Sasa ndo kamusi

Kutumia kamusi sio kuiba. Ila tumia baada ya kupita vidokezo vyote angalau mara mbili, na tumia kwa akili. Usitafute jibu, maana hulijui. Tafuta neno la kidokezo, usome fasili yake, ndani yake mara nyingi kuna visawe viwili vitatu, hesabu herufi zake. Kitenzi utakikuta bila ku-, nomino utaikuta kwa umoja, kwa hiyo "nyuso" nenda kwenye uso. Na kama una herufi mbili au tatu za mwanzo, fungua ukurasa huo upitishe macho chini taratibu ukihesabu, utashangaa.

Ukipata jibu kwa kamusi soma na maana zake nyingine hapo hapo kabla ya kufunga. Fumbo lijalo litakuuliza maana ya tatu.

Hatua ya 9: Hakiki kwa upande wa pili

Ukijaza chumba cha mwisho usiweke penseli chini bado. Soma maneno yote ya kulia, kisha yote ya chini, kila moja ukilinganisha na kidokezo chake. Kuna maneno yalijijaza yenyewe kupitia majirani bila wewe kusoma kidokezo, na huko ndo makosa yanajificha.

Makosa ninayoyaona sana

Tahajia ya kuchati. Tukiandikiana ujumbe tunaandika "alafu", "ata", "uku", "shuhuli". Fumbo linataka HALAFU, HATA, HUKU, SHUGHULI. Herufi zikipungua chumba kimoja, kitu cha kwanza cha kuangalia ni H iliyoliwa.

Kuchanganya TH na S, DH na Z, R na L. THAMANI ni bei au ubora wa kitu, SAMANI ni meza na viti. Yote ni maneno halali kwa hiyo kitakachokustua ni vyumba, maana THAMANI ina herufi saba na SAMANI ina sita.

Kulazimisha neno. Mtu ana jibu la herufi sita, vyumba ni vitano, anaondoa herufi moja anasema "labda wanaandika hivyo". Hawaandiki hivyo.

Kujaza irabu ya mwisho kwa kubahatisha. Najua nimesema maneno yanaishia na irabu, lakini irabu ziko tano, usiandike A tu kwa sababu A ndo nyingi. Weka nukta ndogo pale ukumbuke ni irabu, subiri.

Na kujaza kila kitu kwa mkazo mmoja wa penseli. Ambalo una uhakika andika kwa nguvu, ambalo unashuku andika kwa wepesi. Siku fumbo likigoma utajua pa kuanza kufuta.

Ukikwama

*Kona moja haisogei kabisa.* Mara nyingi tatizo halipo kwenye maneno usiyoyajua, lipo kwenye moja ulilolijaza. Tafuta lile lililokatwa na jirani mmoja tu, lifute, usome vidokezo vya kona hiyo upya kana kwamba hujawahi kuviona.

*Maneno mawili yanagombea chumba kimoja na yote unaamini ni sahihi.* Angalia ngeli na wakati wa kila kidokezo. Moja litakuwa la umoja na wewe umeandika wingi, au limekosa ku-. Kama yote yamesimama, tazama majirani, lenye majirani wengi zaidi wanaokubali ndo linabaki.

*Jibu lina herufi moja zaidi au pungufu.* Pitia kwa mpangilio huu: H iliyoliwa, kiambishi cha ngeli, CH iliyowekwa chumba kimoja, irabu mbili zinazofuatana kama kwenye TAABU.

*Neno sijawahi kulisikia maishani.* Lipate kwa majirani. Jaza yote yanayolikata, lisome, kisha lithibitishe kwenye kamusi. Hivi ndivyo msamiati unavyoingia, na hili neno hutalisahau.

*Nimekaa nalo muda mrefu na kichwa kimechoka.* Acha. Nenda kafanye kitu kingine kabisa, ulirudie jioni au kesho. Inafanya kazi kwa sababu ukiondoka lile wazo bovu ulilokuwa umeling'ang'ania linalegea.

*Nataka kuangalia majibu.* Angalia moja tu, lile refu zaidi katika kona iliyogoma, funika mengine kwa karatasi. Neno refu linafungua majirani wengi na kazi inayobaki bado ni yako.

*Nahisi kidokezo chenyewe kina kosa.* Inatokea, hasa kwenye yaliyochapwa: namba imekosewa, au idadi ya herufi hailingani na vyumba. Vyumba ndo vya kuamini, sio mabano. Ila kabla hujamlaumu mtungaji hakikisha majirani wote wa neno hilo wako sawa.

Kama unataka kuhamia za Kiingereza

Mchezo huu ulianzia huko. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alitoa fumbo lake kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, lilikuwa na umbo la almasi na aliliita Word-Cross. Kwa hiyo mbinu nyingi nilizokupa zinahamia moja kwa moja, ila kuna tofauti za kujua.

Za Kimarekani kila herufi inakatwa na majirani pande zote mbili, kwa hiyo neno usilolijua linaweza kujijaza lote lenyewe. Za Kiingereza cha Uingereza, kama ule mraba wetu mdogo wa juu, zina vyumba vinavyosomwa upande mmoja tu, kama vile H na D za SHIDA, na hapo lazima ujue neno lenyewe. New York Times walianza kutoa za kwao mwaka 1942, za kila siku ni 15 kwa 15 na ya Jumapili ni 21 kwa 21, na ugumu unapanda kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi. Ya Jumapili ni kubwa tu, sio ngumu kushinda ya Jumamosi. Anza na za Jumatatu, na ukae hapo mpaka unazimaliza bila msaada ndo uende Jumanne.

Alama ya kuuliza mwisho wa kidokezo inamaanisha mtungaji anacheza na maneno, usichukue maana ya juu juu. Kidokezo kikiwa na kifupisho, jibu pia ni kifupisho. Kikiwa cha wingi jibu mara nyingi linaishia na S, unaweza kuiweka hiyo S kwa wepesi kabla ya kujua neno lenyewe. Na kuna maneno mafupi yaliyojaa irabu ambayo utakutana nayo mpaka uyazoee, kama ERA, AREA, ALOE na OREO, maana watungaji wanayahitaji kujazia.

Kuna aina nyingine inayopendwa Uingereza ambapo karibu kila kidokezo kimegawanyika, sehemu moja ni maana na nyingine ni mchezo wa maneno, kama vile kupangua herufi. Ile ina sheria zake kabisa. Usiiguse kwa sasa, mpaka hizi za kawaida ziwe zinakwisha.